Mlango wa Kuingilia: Mhadhara juu ya Nyimbo Zinazorekodiwa kwa Mbali

Kabla sijaanza, naomba tufanye jambo moja. Waliokaa safu ya mwisho, karibu na mlango mkubwa, wafumbe macho. Nitapiga makofi hapa nilipo, kwa mwendo wa pole, nao wapige pamoja nami kwa kusikia tu.

(Makofi yalipigwa kwa muda wa kama nusu dakika. Msomaji ambaye hakuwapo anaweza kujaribu na mwenzake kwenye uwanja wa mpira, mmoja akisimama goli la huku na mwingine goli la kule.)

Mmesikia. Tulianza na mwendo mmoja, kisha nikaona wenzangu wa nyuma wanachelewa, nikawasubiri kidogo. Nao wakaona ninachelewa, wakanisubiri. Makofi yakazidi kuwa mazito mpaka yakataka kusimama. Hakuna aliyekosea. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi mlango ule ni kama mita 25. Kofi langu liliwafikia likiwa limechelewa kwa zaidi ya sehemu 70 za elfu moja za sekunde, na kofi lao likachelewa tena kiasi hichohicho kunirudia. Sikio la mpigaji huvumilia kuchelewa kwa sehemu 25, tuseme 30, za elfu moja. Ikizidi hapo mikono huanza kubabaika. Ndiyo maana kundi la taarabu hukaa karibukaribu, fidla bega kwa bega, dumbak hatua chache tu kutoka kwenye kanuni. Wazee hawakuihitaji hesabu hii. Walikaa pale walipoweza kusikilizana.

Sasa tuvuke bahari na kipimo hicho. Mwaka 2009, mkongo wa mawasiliano ulipotua Mombasa na Dar es Salaam kutoka chini ya bahari, nilikuwa mmoja wa walioamini kwamba haitachukua muda mtu wa Unguja atapiga udi na mtu wa London atapiga fidla kwa wakati mmoja, kama wamekaa mkeka mmoja. Mwanga ndani ya mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,500. Gawanya utapata sehemu 37 za elfu moja za sekunde, tena kwenda tu, na bado hujahesabu kwamba mkongo haukunyooka, kwamba kila kituo cha njiani kina foleni yake, na kwamba kompyuta za pande zote mbili nazo zinataka muda wa kuigeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Tumezoea kuilaumu kampuni ya simu. Katika hili kampuni haina kosa. Hata ukipewa mtandao bora kuliko wote duniani, mwanga wenyewe hauna kasi ya kutosha.

Kwa umbali mfupi, mtaa na mtaa au mji na mji wa jirani, ziko programu zinazojitahidi: JackTrip, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford, na Jamulus, ambayo watu wengi waliijua wakati wa korona. Iko pia moja ya mwaka 2005 iitwayo NINJAM, ambayo walioibuni waliacha kabisa kupigana na ucheleweshaji, wakauongeza kwa makusudi. Unachokisikia ni kile mwenzako alichopiga katika mzunguko uliopita, na yeye anakisikia chako cha mzunguko uliopita. Kwa ngoma inayozunguka palepale jambo hili linapendeza kweli. Kwa bashrafu ambayo kila sehemu inakwenda mahali papya, halifai kitu.

Basi naomba tulikubali hili, kwa kuwa mengine yote nitakayosema yanatoka hapo. Katika wimbo unaorekodiwa kwa mbali, hakuna anayepiga pamoja na mwenzake. Kila mmoja anapiga na mtu aliyekwisha kupiga. Wa kwanza hutangulia gizani; wa pili humfuata wa kwanza; wa tatu huwakuta wawili; na anayetangulia hana njia ya kumsikia anayekuja.

Kupiga juu ya sauti iliyokwisha kupigwa hakukuanza na intaneti. Mwaka 1948 Mmarekani Les Paul alitoa wimbo uitwao Lover wenye sauti nane za gitaa, zote zake, alizozirundika moja juu ya nyingine. Lakini yeye alikuwa akijifuata mwenyewe, na mtu anajijua. Kufuatana na mtu mwingine ni kazi tofauti. Ben Gibbard akiwa Seattle na Jimmy Tamborello akiwa Los Angeles walitengeneza albamu nzima kwa kutumiana vipande kwa posta: huyu anatuma muziki, yule anaongeza sauti, bahasha inarudi ilikotoka. Kundi lao wakaliita The Postal Service, na albamu yao, Give Up, ikatoka mwaka 2003.

Halafu ikaja kwaya. Mwaka 2010 mtunzi Eric Whitacre alijirekodi video akiongoza waimbaji wasiokuwapo. Aliongoza kimya, muziki ukiwa kichwani mwake tu. Baadaye akaitazama video yake mwenyewe na kupiga piano akiifuata. Watu wakaimba mbele ya kompyuta zao, kila mtu sauti yake, wakatuma. Sauti 185 kutoka nchi 12 zikaunganishwa kuwa Lux Aurumque. Miaka kumi baadaye, dunia ikiwa imejifungia, walioimba Sing Gently kwa njia hiyohiyo walikuwa 17,572 kutoka nchi 129. Nimeitazama video ile mara kadhaa na machozi yamenitoka. Hata hivyo, nikisema kama mpigaji, watu wale hawakuimba pamoja. Kila mmoja aliimba na Whitacre. Hakuna aliyeishusha sauti yake kwa kuwa jirani yake ameipandisha, hakuna aliyevuta pumzi kwa kuwa amemsikia mwenzake akivuta. Kazi ya kuwasikilizanisha ilifanywa na mafundi baada ya wote kumaliza kuimba.

Sisi tuna mfano wetu, mkongwe kuliko hiyo yote, na nashangaa kila mara tunavyousahau tukishaanza kuzungumza mambo ya kompyuta. Washairi wa Mombasa na wa Lamu, enzi za Muyaka bin Haji, walijibizana kwa mashairi yaliyotoka mji mmoja kwenda mwingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilibeba beti za watu ambao hawakuwahi kuonana maishani, huyu akiuliza na yule akijibu kutoka mji mwingine. Kitu gani kiliwawezesha? Mizani. Mshororo wa silabi kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati mahali pake na kina cha mwisho mahali pake. Anayejibu hakuhitaji kumjua anayemjibu. Akishika mizani na vina, ubeti wake ulikaa kando ya ubeti wa mgeni kama meno ya kitana. Vijana wa studio wana mlio wao wa kuhesabu mapigo, wanauita kliki, na wengi wanadhani ni jambo lililoletwa na mashine. Babu zetu walikuwa na kliki yao, nayo ilikuwa imo ndani ya lugha.

Na taarabu yetu nayo, iangalieni vizuri. Mara nyingi anayeandika shairi si anayelitafutia muziki, na anayelitafutia muziki si anayeliimba. Shairi hupita mikono mitatu kabla halijafika kwenye jukwaa. Kilichobadilika ni safari. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay kurekodi, kwa sababu mashine ilikuwa huko, na mtu alilazimika kuifuata mashine ilipo. Leo mashine imo mfukoni mwa kanzu. Wanaotafutana sasa ni watu.

Nataka niwaeleze wimbo mmoja kwa urefu, maana umenifundisha zaidi ya vitabu.

Shairi lilitoka kwa mzee wetu mmoja aliyezaliwa hapa Unguja, mtaa wa Ng'ambo, na ambaye ameishi Muscat miaka mingi. Alilisoma kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, akikohoa katikati, na mwisho akasema, "Lifanyieni kazi mkiona linafaa." Mpiga udi ni kijana wa hapahapa mjini. Mwimbaji ni dada wa Mombasa. Fidla mbili zilipigwa Tanga. Besi nilipiga mimi, Dar es Salaam. Fundi wa kuchanganya sauti alikuwa akiishi Ulaya. Mpaka wimbo unatoka, hakukuwa na siku hata moja ambayo watatu kati yetu tulikaa chumba kimoja.

Tulianza vibaya. Tulimpa mpiga udi kliki ya mapigo 96 kwa dakika ili sote baadaye tuwe na cha kushika. Akapiga, akatuma, na udi ulikuwa umekufa. Kila noti mahali pake, na hakuna kitu. Nilipompigia simu akaniambia, "Mjomba, hiki kidude kinanifukuza." Tukakiondoa. Akapiga taksimu yake kwa mwendo wake, halafu wimbo mzima kwa mwendo wake, na sisi wengine tukakubali kumfuata. Nilikaa siku mbili nikitia alama kwenye kompyuta kila alipoangusha pigo la kwanza, mpaka nikazijua pumzi zake: kwamba kabla ya kiitikio huvuta nyuma kidogo, kwamba akishuka kwenye nyuzi nene anaharakisha. Mtu niliyekuwa nimeonana naye mara moja tu, arusini, nikamjua kuliko wapigaji niliokaa nao bendi moja mwaka mzima. Nasema haya kwa sababu wako wanaosema kazi hii ya mbali haina ukaribu. Ukaribu upo, ila unakwenda upande mmoja. Mimi nilimjua, yeye alipokuwa akipiga hakunijua.

Yako mambo madogo ya kazi ambayo yameua nyimbo nyingi kuliko ukosefu wa vipaji, na vijana naomba mniandikie haya. Sauti ikitumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa, na kilichobanwa hakirudi. Ikitumwa kama hati hufika nzima. Kila faili lianze sekunde ya sifuri ya wimbo, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili, maana faili linaloanza pale mtu alipofungua mdomo halina anwani, na fundi atabaki akilisukuma mbele na nyuma akibahatisha. Majina ya mafaili yaseme ni nani, ni chombo gani, ni tarehe gani. Na hesabuni bando kabla. Sauti ya chombo kimoja, ikirekodiwa kwa ubora unaofaa, inachukua megabaiti zinazokaribia 9 kwa dakika. Wimbo wa dakika 6 wenye sauti 14 unapita megabaiti 700. Kwa anayeishi kwa bando la siku, huo si mzigo wa kupandisha mara tatu kwa sababu mtu alisahau kuzima feni.

Fidla zikaingia, besi ikaingia, mwimbaji akaimba, na mafaili yakaenda Ulaya kwa fundi. Hapo ndipo tulipopata pigo ambalo sikulitarajia.

Wimbo ulikuwa Bayati ya Re. Wanaojua makamu, zile ngazi za noti za taarabu, wanajua kwamba noti ya pili ya Bayati haimo kwenye kinanda cha kawaida. Iko katikati ya Mi na Mi bemoli, mahali ambapo mpiga udi hupafikia kwa kidole kwa sababu shingo ya udi haina vigawanyo, na mwimbaji aliyelelewa na taarabu hupafikia kwa kuwa ndipo sikio lake lilipolelewa. Fundi alikuwa na programu ya kunyoosha sauti, ya ukoo wa ile Auto-Tune iliyoingia sokoni mwaka 1997. Programu ilikuwa imepangwa kwa noti kumi na mbili za kinanda. Ikamkuta dada yetu amesimama katikati ya noti mbili, ikahukumu kwamba amekosea, ikamvuta hadi kwenye noti iliyo karibu. Kila ubeti, kila mshororo. Wimbo ukarudi umenyooka na umekuwa mgeni.

Aliyesikia kwanza ni mzee wa Muscat, ambaye hapigi chombo chochote. Alinipigia simu usiku. "Mwanangu," akasema, "nani kaubadilisha lugha wimbo wangu?"

Fundi hakuwa mtu mbaya wala mzembe. Hakuambiwa. Angekuwa chumba kimoja nasi, angeuona uso wa mpiga udi ukikunjamana kabla hata kipande hakijaisha, akanyanyua mkono wake kwenye mashine na kuuliza kuna nini. Uso haumo ndani ya faili. Hakuna anayeweza kuona ndani ya namba zile kwamba mwimbaji amesimama pale kwa makusudi na kwa adabu ya miaka mia. Tangu siku hiyo nikituma sauti ya makamu yenye noti za katikati, huandika barua ya ukurasa mmoja inayokwenda pamoja na mafaili: makamu ni ipi, noti zipi zisiguswe, kikohozi kipi kibaki na kipi kiondolewe. Wapo wanaoniambia ninamfundisha fundi kazi yake. Ninampa fundi uso.

Kosa kubwa zaidi lakini lilikuwa limetangulia, nalo lilikuwa langu.

Mpiga besi akiwa kwenye bendi huishi kwa kumtazama mwimbaji. Nikiona bega limeinuka, najua anaingia, napunguza. Sasa nilikuwa peke yangu chumbani, hedifoni masikioni, nasikia udi tu, na sauti ya mwimbaji bado haijazaliwa. Kila mahali ambapo udi ulinyamaza nilipaona kama shimo, nikalifukia. Niliweka viunganishi, niliweka michezo ya vidole ambayo ningeona haya kuipiga mbele ya watu. Wa fidla nao, walipopokea udi na besi yangu, wakaona nafasi chache zilizobaki, wakazijaza. Tukamtumia dada wa Mombasa kitu kilichojaa mpaka pomoni, na tulijivunia.

Yeye hurekodi usiku, watoto wakishalala, ndani ya kabati la nguo lililotandazwa leso pande tatu ili sauti isirudi. Alikaa na wimbo wetu siku nne. Siku ya tano akaniandikia: "Kaka, wimbo ni mzuri sana, lakini sioni mlango wa kuingilia."

Maneno hayo sijayaacha. Nimeyabandika ukutani juu ya meza ninayofanyia kazi. Nilirudi kwenye besi yangu, na sikupiga upya hata noti moja, nilifuta tu. Nilifuta karibu nusu ya nilichokuwa nimepiga. Wa fidla wakafuta vyao. Udi ulipokuwa umenyamaza, sote tukanyamaza nao, na hapo sasa ule ukimya alioupiga yule kijana mwanzoni ukajulikana ulikuwa wa nini: alikuwa amemwachia mwimbaji nafasi kabla hajajua mwimbaji ni nani. Mimi, mkubwa wake kwa miaka ishirini na zaidi, sikuiona.

Ndiyo kazi ninayotaka ifundishwe, na sijaona inapofundishwa. Tunawafundisha vijana jinsi ya kufunga maiki, jinsi ya kupanga mapigo, programu ipi ni ya bei nafuu. Hatuwafundishi kupiga kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaja. Kwenye mkeka mmoja adabu hiyo hujengwa na macho, na mkubwa akikutazama vibaya unajua umezidisha. Ukiwa peke yako na mashine hakuna anayekutazama, na mashine haina kikomo. Unaweza kurundika sauti mia na haitakuambia basi. Siku hizi, kabla sijapiga besi, huimba mwenyewe shairi lote, kwa sauti yangu isiyofaa kuimba, nalirekodi, na hupiga nikilisikiliza hilo. Likishafanya kazi yake hulifuta. Wengine huandika tu kwenye karatasi: hapa nyamaza. Kila mtu ana njia yake. Lakini lazima awepo mmoja anayeushika wimbo mzima kichwani, nahodha, mwenye ruhusa ya kumwambia hata aliyemzidi umri kwamba hapa umefunga mlango.

Lipo la pili linalofanana na hilo, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo, mniwie radhi. Ni habari ya majina.

Bendi zetu za zamani ziliingia studio ya Radio Tanzania zikapiga wimbo mzima kwa mkupuo, watu wote chumba kimoja, pumzi moja. Ukizisikiliza leo unasikia ule ukaribu ambao sisi wa mafaili tunautafuta kwa taabu. Lakini uliza mpiga besi wa wimbo fulani alikuwa nani. Jina la bendi lipo, jina la mwimbaji lipo, mara nyingine la mtunzi. Wa besi, wa tumba, wa ridhimu, wanajulikana na waliokuwapo, na waliokuwapo wanapungua kila mwaka. Ikiwa watu waliokaa chumba kimoja wamesahaulika hivyo, tutegemee nini kwa watu ambao hawajaonana kabisa? Majina ya wenzake Siti, kina Subeti bin Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, bado tunayataja kwa sababu wapo waliojali kuyaandika.

Mnamjua Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi Mbube mjini Johannesburg, na haki za wimbo zikauzwa kwa shilingi 10. Sauti ile ikavuka bahari, ikaimbwa Marekani kwa majina mengine, mwaka 1961 ikawa The Lion Sleeps Tonight na kuzunguka dunia. Linda alikufa mwaka uliofuata akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baada ya kifo chake. Na karibu zaidi na hapa, Malaika: wimbo unaojulikana pengine kuliko wote wa Kiswahili, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga. Sauti husafiri kwa urahisi kuliko jina. Hayo yalitokea wakati wa santuri, ambapo angalau palikuwa na karatasi ya duara katikati pa kuandika kitu.

Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na jina hilo peke yake linatosha kumfundisha mtu. Hakimiliki ni ya aliyetunga shairi na aliyetunga muziki. Hakishiriki inamtazama aliyeimba, aliyepiga, aliyeirekodi sauti. Dada wa Mombasa hakutunga neno hata moja la wimbo wetu, lakini sauti iliyomo ni yake na ana haki ndani yake. Hayo ni maneno ya sheria. Kwenye kazi mambo huenda hivi: wimbo ukikamilika, mtu mmoja huupakia kwa kampuni ya kusambaza, kwa akaunti yake, na fedha ikiingia huingia kwake. Wimbo hupewa namba ya kimataifa iitwayo ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, tano za mwanzo zikiwa za aliyesajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Namba hiyo inaitambulisha rekodi. Haina mahali pa mpiga udi. Ukitaka mpiga udi atambulike, lazima mtu akae aandike jina lake kwenye sehemu nyingine, kwa herufi sahihi, na kazi hiyo hufanywa usiku wa mwisho na mtu aliyechoka.

Mahali pamoja nimeona jambo hili likifanywa kwa heshima. Mwaka 2004 watu wa Creative Commons walianzisha ccMixter, ambapo mtu huweka sauti yake ya kuimba au kipande cha gitaa, na mwingine popote alipo hukichukua na kukijengea wimbo. Kila wimbo pale unaonyesha umezaliwa na nini na umezaa nini, kama nasaba inayosomwa maulidini. Hawakuhitaji mashine ya ajabu kufanya hivyo. Walihitaji kuamua kwamba aliyetangulia hatasahauliwa.

Sisi tulitumia karatasi. Kabla faili la kwanza halijatumwa, tuliandika nani ni nani na nani anapata nini: nusu ya utunzi kwa mzee wa shairi, nusu kwa mpiga udi aliyelipatia muziki; upande wa rekodi, waliopiga na aliyeimba sawa kwa sawa; fundi alipwe ujira wake mara moja. Kila mmoja akaipiga picha akiwa ameisaini. Rafiki yangu mmoja aliniambia kuandikiana karatasi na ndugu ni kukosa imani. Mimi naona kinyume chake. Watu wanaoonana kila Ijumaa wanaweza kusahihishana. Sisi tukigombana hatuna hata mlango wa kwenda kugonga. Fedha zilizoingia mpaka sasa ni kidogo. Mzee wa Muscat aliomba fungu lake lipelekwe kwa dada yake hapa Ng'ambo, na kila linapopatikana, hata liwe la kununua mchele tu, nimelipeleka mwenyewe au nimelituma kwa simu, na yule mama hunitumia salamu za dua.

Wimbo wa pili tumeshaumaliza, isipokuwa mahali pamoja. Baada ya kiitikio cha pili tumeacha mizunguko kumi na sita ya dumbak bila kitu juu yake. Ni pa kanuni. Mpiga udi alitaka kupajaza, nami mikono imeniwasha zaidi ya mara moja, lakini karatasi imeandikwa hivi: kanuni, na mbele yake pako wazi, pa jina na pa saini. Nimekuja nao kwenye flashi. Sauti zote zimeanzia sifuri, makamu imeandikwa, hesabu ya mgawo imeacha fungu lake. Kama mpigaji wa kanuni yumo humu ukumbini, tukimaliza kunywa chai nitakuwa nimesimama pale mlangoni.